Kibali kisichongoja huruma ya jirani

Mwaka 1982 jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria iliyotambua kwamba mwenye nyumba anaweza kujenga nyumba ya pili, ndogo, ndani ya kiwanja chake na kuipangisha. Ukiisoma leo utadhani shida ya makazi ya jimbo hilo ilipatiwa dawa siku ile ile. Dawa haikufanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2016, katika jimbo la watu wanaokaribia milioni 40, vibali vya nyumba hizo za uani havikufika 1,500. Kufikia mwaka 2022 vilizidi 20,000 kwa mwaka mmoja, na karibu nyumba moja kati ya kila tano zilizopata kibali jimboni ilikuwa ya uani. Ardhi haikuongezeka katikati ya miaka hiyo, mbao hazikushuka bei, wala wenye nyumba hawakuamka asubuhi moja wakiwa wamependa wapangaji. Kilichobadilika ni masharti. California ilijifunza, kwa kuchelewa sana, kwamba ruhusa inayomwachia diwani au jirani nafasi ya kusema hapana si ruhusa, na kwamba sheria ya namna hii hufanya kazi pale tu inapoandikwa kwa vipimo. Funzo hilo linazihusu Dar es Salaam na Nairobi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mtaa wenyewe. Mtaa wa Kimarekani wa kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja huzungumzwa kama kitu kilichoota chenyewe, kumbe ni kazi ya sheria, na sheria hiyo ina tarehe. Mji wa Berkeley ulipitisha kanuni ya kutenga mitaa ya nyumba za familia moja mwaka 1916. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Louisville, Kentucky, ilipiga marufuku miji kutenga mitaa kwa rangi ya ngozi. Miji haikuacha kutenga; ilibadilisha lugha. Badala ya kuandika ni nani asiishi hapa, ikaandika ni jengo gani lisijengwe hapa, na kwa kuwa waliokuwa na uwezo wa kununua nyumba nzima yenye bustani walijulikana, matokeo hayakutofautiana sana. Mwaka 1926 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, iliubariki utaratibu huo, na Jaji George Sutherland akaifananisha nyumba ya wapangaji wengi na kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa wa wengine. Karne moja baadaye, karibu robo tatu ya ardhi ya makazi ya Los Angeles ilikuwa imetengwa kwa nyumba za familia moja tu. San Jose, mji wa makampuni ya teknolojia ambako vibarua na walimu hawawezi kupanga, ilikuwa asilimia 94.

Msomaji wa Dar es Salaam hapaswi kuona hii kama hadithi ya mbali. Wakoloni wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji wetu kwa kanda zilizotajwa kwa aina ya majengo: majengo ya Kizungu upande mmoja, ya kibiashara katikati, nyumba za wenyeji Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Hapakuhitajika kuandika rangi ya mtu. Kipimo cha ukuta na cha kiwanja kilitosha. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba nyumba iliyosukumwa kwenda ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndiyo iliyokuwa na majibu ambayo California inayatafuta leo: vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi, mwenye nyumba akikaa humo pamoja na wapangaji wake, na nyuma ua wenye jiko, choo na vyumba vya kuongeza kadiri familia inavyokua au fedha zinavyopatikana.

Jiko ni la kutazamwa kwa karibu, maana ndipo unafiki wa kanuni hizi unapoonekana. Miji kadhaa ya Marekani, Los Angeles ikiwemo, iliruhusu tangu zamani chumba cha nje katika kiwanja cha familia moja, kwa ajili ya mgeni, ilimradi kisiwe na jiko. Kitanda ruksa, bafu ruksa, sinki la kunawia ruksa. Ukiweka jiko la kupikia, chumba kile kile, kuta zile zile, kinageuka kuwa nyumba ya pili na kuvunja sheria. Nairobi nako, kile kijumba cha nyuma ambacho kila mtu anakiita SQ hakikumkera jirani hata siku moja wakati aliyelala humo alikuwa yaya au mtunza bustani. Malalamiko ya msongamano, kelele na hadhi ya mtaa huanza siku mkaaji anapokuwa karani anayelipa kodi kwa jina lake. Idadi ya watu haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba mkaaji sasa ana haki ya kufunga mlango wake na kupika chakula chake. Anayepinga nyumba za uani kwa hoja ya msongamano aulizwe kwanza kuhusu vyumba hivyo.

Basi sheria ya 1982 ilikufaje? Haikufutwa. Ilizikwa chini ya masharti ya miji. Mji mmoja ulidai kiwanja kisipungue ukubwa ambao viwanja vingi vya mtaa wenyewe haviufikii. Mwingine ulidai nafasi ya ziada ya kuegesha gari, na kama umegeuza gereji kuwa nyumba, uijenge gereji nyingine mahali pengine katika kiwanja kisicho na mahali pengine. Mwenye nyumba alitakiwa aishi hapo hapo. Alitozwa ada za maji na majitaka kana kwamba anajenga nyumba kamili ya vyumba vinne. Miji mingine ilidai njia iliyo wazi hadi angani kutoka barabarani mpaka mlango wa nyumba ya uani: ukiwa na ukingo wa paa unaopita juu ya njia hiyo, ombi limekwisha. Hakuna sharti hata moja kati ya hayo linalosema nyumba ya uani ni marufuku. Yakikusanywa, yanasema hivyo hivyo. Mwaka 2002 Bunge la jimbo lilijaribu tena, likaagiza maombi yaamuliwe bila vikao vya hadhara vya kusikiliza pingamizi; miji ikatii na kuachana na vikao, lakini masharti yakabaki mahali pake.

Na watu waliendelea kuishi uani. Mwaka 1987 gazeti la Los Angeles Times lilikadiria kwamba magereji yapatayo 42,000 katika kaunti ya Los Angeles yalikuwa makazi ya watu karibu 200,000. Gereji isiyo na dirisha, yenye waya mmoja wa umeme ulioburutwa kutoka nyumba kubwa, mlango wake ukiwa ule wa kuinulia gari. Huo ndio uliokuwa mbadala halisi wa nyumba ya uani yenye kibali. Anayedhani kuwa kunyima kibali ni kuzuia watu wasije amekosea hesabu. Watu walikuwa wamekwisha kuja, na kilichozuiwa ni mkaguzi kuingia.

Mageuzi ya kweli yalianza na sheria mbili za mwaka 2016, yakakazwa na nyingine za mwaka 2019, na namna zilivyoandikwa ndiyo habari yenyewe. Jimbo halikutangaza sera nzuri likaiachia miji itafsiri. Lilichukua sharti moja moja na kulikata. Maegesho: hayadaiwi kabisa kama kituo cha usafiri wa umma kiko ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800. Gereji ikigeuzwa nyumba, huwezi kudaiwa nyingine. Njia ya wazi hadi angani ikafutwa kwa jina. Vifaa vya kunyunyiza maji ya kuzimia moto havidaiwi uani ikiwa havikudaiwa katika nyumba kubwa. Umbali kutoka mpaka wa jirani, pembeni na nyuma, mji hauwezi kudai zaidi ya futi nne, yaani mita 1.2. Hata kanuni za mji ziwe kali kiasi gani, ni lazima ziache nafasi ya nyumba ya futi za mraba 800, karibu mita za mraba 74, yenye kimo cha futi 16. Chini ya futi za mraba 750, ada za miundombinu hazitozwi. Vyama vya wenye nyumba, ambavyo katika mitaa mingi ya Marekani vina makali kuliko halmashauri, vikanyang'anywa uwezo wa kukataza. Sharti la mwenye nyumba kuishi hapo likasimamishwa, kisha mwaka 2023 likaondolewa moja kwa moja. Halafu likaja lile ninaloliona kuwa moyo wa yote: ofisi ya mji ina siku 60 za kujibu ombi lililokamilika, na siku hizo zikipita kimya, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Portland, katika jimbo jirani la Oregon, ilikuwa imeonja utamu huo mapema zaidi: ilipositisha ada zake kwa nyumba za uani mwaka 2010, vibali vilipanda kutoka makumi kwa mwaka hadi mamia.

Kama bado mtu anadhani kuwa ni nia njema ya sheria iliyoleta matokeo, California yenyewe imetupa jaribio la kulinganisha. Mwaka 2021 ilipitisha sheria nyingine, kubwa zaidi kwa sura, iliyoruhusu kiwanja cha familia moja kigawanywe viwili na kubeba hadi nyumba nne. Magazeti yaliandika kwamba mtaa wa familia moja umekufa. Lakini sheria hii iliiachia miji nafasi pana ya kuweka viwango vyake, na ilimtaka anayegawa kiwanja atamke kwamba atakaa hapo miaka mitatu. Watafiti wa Terner Center katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoangalia miji 13 baada ya mwaka wa kwanza, maombi ya nyumba mpya chini ya sheria hiyo hayakufika 300 kwa miji yote kwa pamoja. Mji mmoja wa matajiri, Woodside, ulidai kwamba eneo lake lote ni makazi ya puma, mnyama anayehitaji ulinzi, na hivyo sheria haiwezi kutumika humo. Mwanasheria mkuu wa jimbo alipoukemea, puma wakasahauliwa ndani ya siku chache. Huntington Beach ilikwenda mbali zaidi, ikakataa kupokea maombi, hadi jimbo likaishtaki mwaka 2023. Jimbo ni lile lile, wanasiasa ni wale wale, uhaba ni ule ule. Sheria iliyoandikwa kwa futi na siku ilijenga. Iliyoacha mianya ilijadiliwa.

Pingamizi zipo, na baadhi zina uzito. La maegesho sioni kama linao: barabara ya umma si mali ya aliyetangulia kuegesha, na mtaa ulio karibu na treni au basi ndio hasa unaofaa kupokea watu wasio na gari. La bei ya nyumba ya jirani kushuka linajipinga lenyewe, kwa sababu kiwanja kilichoongezewa haki ya kujenga kina thamani kubwa kuliko kisicho nayo, na haki hiyo anapewa jirani pia. La nyumba kuishia kuwa za watalii lina msingi, ndiyo maana sheria ya California inaitaka miji izuie upangishaji usiozidi siku 30 katika kundi kubwa la nyumba hizi. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wa mwaka 2021, zilizotumika kwa wageni wa muda mfupi hazikufika moja kati ya kumi, takriban nusu zilipangishwa kwa wakaaji wa kawaida, na sehemu nyingine ilikaliwa na ndugu asiyelipa kodi, aghalabu mzazi mzee au mtoto mtu mzima.

La majitaka ndilo la kusikilizwa zaidi, hasa kwetu. Marekani linajibika kwa urahisi kiasi: kaya ya wastani mwaka 1970 ilikuwa na watu zaidi ya watatu, leo ni wawili na nusu, kwa hiyo mitaa mingi yenye mabomba ya zamani inabeba watu wachache kuliko ilivyokuwa. Dar es Salaam sehemu kubwa ya mji haina bomba la majitaka. Kuna shimo, na kuna gari la kunyonya, na mvua za masika zikija kuna yule anayefungulia shimo lake mtaroni usiku. Kuongeza kaya mbili juu ya shimo lililochimbwa kwa kaya moja ni kumwaga kinyesi kwa jirani, na hakuna hoja ya makazi itakayolisafisha hilo. Lakini tazama namna ya kulijibu. Ukisema "ofisa ataridhika kwamba mazingira yanafaa", umefungua dirisha la bahasha. Ukisema shimo liwe na ujazo kadhaa kwa kila mkaaji, liwe umbali kadhaa kutoka kisimani na kutoka mpaka wa jirani, na gari liweze kulifikia, umemlinda jirani na umemlinda mwombaji pia. Pingamizi lenye ukweli ndani yake linaweza kuandikwa kama kipimo. Lisiloweza kuandikwa hivyo, mara nyingi ni chuki iliyovaa koti.

Hapo ndipo wapinzani wa California walipotoa hoja yao iliyo bora, nami siidharau. Wanasema: wakazi wa mtaa ndio wanaoujua mtaa, wamechagua halmashauri yao, na kuwapora uamuzi huo ni kuvunja demokrasia ya chini kwa nguvu ya Bunge la mbali. Ina mvuto, hasa kwa nchi zetu ambako maamuzi mengi hushuka kutoka juu bila kuulizwa mtu. Lakini kikao cha mtaa kinawahesabu waliokwisha kuingia. Mpangaji ambaye angekaa katika nyumba isiyojengwa hana kiti kikaoni, wala hajui kwamba kikao kilikuwepo. Analala saa mbili mbali, anaamka alfajiri kuwahi kazi ya kupika au kufundisha katika mtaa ule ule uliomkatalia, na kura yake inapigwa katika mji mwingine. Bunge la jimbo linawahesabu wote wawili. Zaidi ya hapo, demokrasia haijawahi kumaanisha kwamba majirani kumi wapige kura kama wa kumi na moja aruhusiwe kumjengea mama yake chumba. Kanuni za jumla zipitishwe kwa mjadala wa wote, kisha kila mtu apimwe kwa kanuni hizo bila kuangaliwa uso.

Kuna la mwisho ambalo nalikubali kwa sehemu kubwa. Nyumba ya uani ni faida kwa mwenye uani. Uchunguzi ule ule wa 2021 ulikuta gharama ya kati ya ujenzi ni dola 150,000, fedha ambazo mstaafu mwenye nyumba na asiye na akiba hazipati, na benki zilikuwa na tabia ya kutoihesabu kodi itakayotoka humo wakati wa kupima uwezo wake wa kulipa. Jimbo liliweka ruzuku ya hadi dola 40,000 kwa gharama za maandalizi, nayo ikaisha upesi. Nyumba hizi hazitamwondoa mtu barabarani anayelala chini ya turubai Los Angeles, na anayeziuza kisiasa kama tiba ya ukosefu wa makazi anadanganya. Lakini kwamba hatua moja haitoshi si sababu ya kuizuia. Nyumba za umma zinahitaji bajeti, ardhi na miaka. Nyumba ya uani inahitaji serikali ipishe njia, na mchoro, na fundi.

Kwetu tofauti moja inabidi isemwe wazi. California ilikuwa na sheria inayoshikwa. Sisi tuna sheria inayokwepwa. Vyumba vya uani vimejaa Sinza na Tabata za Dar es Salaam, Umoja na Kayole za Nairobi, vimejengwa kwa kuongeza tofali juu ya ukuta wa fensi ya jirani, bila dirisha upande mmoja, na aliyejenga alimalizana na aliyekuja kukagua. Mitaa ya viwanja vikubwa, Masaki ya Dar es Salaam au Karen ya Nairobi, inalindwa na masharti ya viwanja na vyama vya wakazi wenye mawakili. Yaani kanuni zinawabana wachache walio na nafasi ya kujenga vizuri, na zinawaacha wengi wajenge vibaya. Kibali kigumu hakijatupatia mji wenye mpangilio. Kimetupatia soko la msamaha, ambamo kila anayejenga ana kosa la kufumbiwa macho na kila mkaguzi ana bei.

Tanzania ina Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, Kenya ina sheria yake ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, na chini ya zote mbili halmashauri na kaunti ndizo zinazopokea maombi ya ujenzi. Kwa wanaoandika kanuni za chini ya sheria hizo, ombi ni hili. Chukueni ukurasa mmoja. Andikeni kiwanja cha ukubwa gani kinaweza kubeba nyumba ya uani ya mita za mraba ngapi, umbali gani uachwe kutoka kwa jirani, kila chumba kiwe na dirisha la ukubwa gani, shimo la majitaka liwe na ujazo gani, na ada ni shilingi ngapi. Wekeni mchoro wa mfano uliokwisha kuidhinishwa, ambao mtu anaweza kuuchukua bure katika ofisi ya mtaa. Kisha andikeni idadi ya siku za kujibu, na chini yake sentensi moja tu: siku hizo zikipita bila jibu, kibali kimetolewa.